Pembe ya Baba Niliyosema Nimeichoma

Jumapili, 7 Novemba 1937
Ibada, halafu ng'ombe, halafu ugali wa mtama. Leo nimeshuhudia tena. Watu waliomba wenyewe, ningefanyaje? Nikawaeleza nilivyoichoma ile pembe ya dawa ya marehemu baba. Moto ukawa wa kijani. Shetani akaruka kutoka mle, analia kama fisi, mbio mpaka msitu wa Mgori, na mimi nyuma yake na Biblia mkononi. Mwaka jana, nilipohadithia, nilimfikisha mtoni tu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwinjilisti hakucheka wala hakusifu. Damari, dada yangu mdogo, alilia kwa furaha. Nikajiona mtu mkubwa.

Jumanne, 9 Novemba
Nimepanda mtama kipande cha juu. Damari amechoma dawa za kwake. Zote. Mizizi ya mlangoni, hata hirizi ya kiunoni ya mtoto. Alifanya peke yake uani, huku akiimba. Akaja kuniambia: "Kaka, kama wewe hukudhurika, mimi niogope nini?" Nikasema vema. 
Pembe ya baba ipo. Imo ndani ya kihenge, chini ya nafaka. Moto niliuwasha kweli, miaka mitatu sasa. Nikaiogopa mizimu. Nikachoma kipande cha ngozi ya mbuzi.

Alhamisi, 11 Novemba
Tabea, mtoto wa Damari, ana homa kali. Miaka minne. Baba yake yuko Manyoni kwenye kazi ya reli. Mama mkwe wa Damari anapiga kelele njia nzima kwamba mizimu imekasirika, mtoto amevuliwa kinga. Anataka apelekwe kwa mganga. Damari amekataa. Amewaambia waniulize mimi.
Wakaniita. Bibi yule akanipokea mlangoni: "Haya, mfukuza mashetani! Hili nalo likimbize mpaka Mgori!" Watu wakacheka. Niliomba kwa sauti kubwa, maneno mengi. Sikuamini hata moja. Niliiogopa pembe kuliko Mungu. Aibu.

Ijumaa, 12 Novemba
Asubuhi mtoto hakufumbua macho. Damari akanishika mkono. "Kaka, siku ile ulisema maneno gani? Nipe yale yale niyaseme."
Hayapo. Siku yenyewe haikuwepo.
Nikasema hapo hapo, mbele ya mama mkwe wake. Sikuchoma. Nilidanganya. Iko kwenye kihenge.
Bibi akapiga makofi: "Mmesikia? Mmemsikia?" Damari hakunitukana. Aliuliza jambo moja. "Kwa hiyo niliyechoma ni mimi peke yangu?"
Nikajibu ndiyo.
Akaniambia: "Basi nenda misheni ukamwite muuguzi. Hilo unaliweza." Akaingia ndani. Nikamsikia anaomba, sauti ndogo kama anaongea na mtu wa jirani. Hakutaja jina langu. Nilikimbia njia yote, mtu mzima, machozi yananitoka.

Jumamosi, 13 Novemba
Muuguzi ametoa kwinini. Homa bado, ila mtoto ameomba maji. Nimeichoma pembe. Niliogopa vile vile. Hakuna moto wa kijani. Ilinuka tu. Nilikaa pale mpaka ikawa majivu. Hakuna aliyeona, na sitamwambia mtu.

Jumapili, 21 Novemba
Mwinjilisti nilimweleza uongo wangu wote. Sitashiriki Meza ya Bwana mpaka Pasaka. Nimekaa benchi la nyuma pamoja na wanaojifunza ubatizo, magoti yangu yamegusa kidevu.
Wakamwomba Damari ashuhudie. Akasimama. Akasema Tabea amekula uji, Bwana asifiwe. Akakaa. 
Nje nikasimama pembeni. Alipita na mtoto mgongoni, hakusimama. Akamwambia mtoto tu: "Msalimie mjomba."
"Shikamoo mjomba."
Nikaitikia marahaba.