Majina Aliyoyachagua Bi Rukia

Ukunda, Jumapili

Mume wangu Baba Nuru,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba kikohozi cha mama kimepungua tangu mvua zilipokatika. Nuru je, jino lake limeota? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Ni uchovu tu, nao hauna dawa ya kumeza. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa nakwambia niko sawa kabla hujauliza, kisha mtandao wa huko Witu unakatika na neno langu linabaki hivyo hivyo. Barua nampa yule dereva wa lori la maembe akufikishie mkononi.

Niliwahi kukutajia Bi Rukia, yule mama wa Msambweni anayepokea wageni hapa hotelini ninapotunza kompyuta. Ameifanya kazi hiyo tangu mimi sijamaliza shule. Mwaka huu nusura aipoteze, na sababu ilikuwa kompyuta.

Kompyuta za mapokezi zilijaa kupita kiasi. Kila meneja aliyepita alileta programu zake na hakuna aliyeziondoa za mwenzake. Ukiwasha, kioo kizima ni vijipicha, huoni pa kuanzia. Programu za vyumba pekee zilikuwa tatu. Mbili hazitumiki tena lakini bado zinafunguka, na zote zina alama ya kitanda.

Basi wakafika mke na mume na mtoto mwenye homa. Bi Rukia, kwa kuwahurumia, akafanya haraka, akabonyeza kitanda kisicho chenyewe. Ile programu ya zamani ikamwonyesha chumba kitupu. Wale watu kufungua mlango, wakamkuta mgeni mwingine amelala kifua wazi. Makelele yalifika mpaka jikoni.

Meneja wetu, Bwana Mutua, ni kijana wa bara na si mtu mbaya, lakini siku ile alimwambia mbele ya watu, "Bi Rukia, ikitokea tena utaenda dobi. Huko hakuna kompyuta."

Bi Rukia nilimkuta baadaye kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, chakula hajakigusa.

"Zuhura mwanangu," akaniambia, "wageni nawajua kwa majina yao na ya watoto wao. Hivi vidude vya kwenye kioo ndivyo vinavyonishinda. Kila kimoja kimevaa nguo ya mwenzake."

Maneno yale yalinikaa. Nikatafuta programu moja ndogo ya bure, ambayo kazi yake ni kuzifungua nyingine. Ukibonyeza kitufe kimoja, kinatokea kidirisha katikati ya kioo. Unaandika herufi mbili tatu za jina la unachokitaka, nacho kinafunguka. Vile vijipicha vyote nikavificha, na zile programu za vyumba zisizotumika nikaziondoa. Uzuri wake ni kwamba majina unayapanga wewe mwenyewe. Nikakaa na Bi Rukia tukayapanga.

"Ya vyumba tuiite nini?"

"Si vyumba tu?"

"Na hii ya kadi za milango?"

"Funguo."

"Na hii ya kuwaandikia wageni matembezi ya mbuga ya Shimba?"

Akafikiri. "Wote wanakwenda kutazama ndovu. Andika ndovu."

Nilicheka, na siku nyingi nilikuwa sijacheka. Vijana wa mapokezi walimtania kwa hilo neno, lakini haukupita muda nao wakawa wanaandika ndovu.

Kisha asubuhi moja stima ikapotea, basi la wageni likiwa mlangoni. Jenereta ilipowaka, kompyuta zote zikaanza upya, na Bi Rukia alikuwa peke yake kaunta. Nilikimbia nikasimama nyuma yake, tayari kumsaidia. Hakunigeukia hata mara moja. Vyumba, funguo, vyumba, funguo, huku akiwauliza wageni habari za safari. Bwana Mutua alikuwa amesimama kando akimtazama.

"Zuhura, hii kitu ni safi," akasema. "Fanya ofisi zote."

Nikafanya. Uhasibu, stoo, jikoni, kila mahali nikikaa na watu kuwauliza wanafungua nini na wanakiitaje. Macho yalikuwa mekundu, mgongo hausemeki. Nilipomaliza, hoteli ikatulia. Hakuna aliyenipigia simu kwamba kitu hakionekani. Niliufurahia ule ukimya, Baba Nuru, na sikujua kwamba meneja naye anausikia.

Akaniita ofisini. "Siku hizi unafanya nini?"

"Natunza kompyuta."

"Zina shida gani?"

"Hazina. Ndiyo kazi yenyewe."

Akashika kalamu, akaiweka. Akasema wenye hoteli wanataka matumizi yapungue. Kuanzia mwezi ujao nitakuja siku mbili kwa wiki, kwa nusu ya mshahara. Alipokuwa akisema hayo alitazama dirishani.

Bi Rukia alipopata habari aliingia ofisini kwa meneja bila kupiga hodi. Nikiwa nje nilisikia sauti yake, mtu ambaye hapandishi sauti. Akatoka akiweka sawa mtandio wake. "Nimemwambia," akasema. "Amenisikiliza, ameniita mama, na hakubadilisha neno." Tukakaa tukala wali wetu.

Jumamosi moja alinichukua hadi Msambweni, kwa mpwa wake mwenye duka la dawa karibu na hospitali. Kompyuta yake ilikuwa imejaa kama ya kwetu. Nikaipanga, na jirani yake wa duka la vitabu akaniita pia. Kwa hiyo kazi ipo, ila haina uhakika, leo unaitwa, wiki nzima kimya.

Kile chumba ambacho mngekuja kukaa nami wewe na Nuru shule zikifungwa, nimekiacha. Juzi nimemrudishia mwenye nyumba ufunguo. Nimerudi kulala na wenzangu kwenye nyumba ya wafanyakazi. Nakuomba umwambie Nuru wewe, mimi sitaweza.

Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie dua zake zinanifikia. Nisalimie ndugu yako Omari, nimesikia alivyotuzibia paa. Na Bi Fatuma jirani, anayemsuka Nuru nisipokuwepo, mwambie simsahau.

Sasa nataka jibu lako. Naweza kubaki mpaka watu wa Msambweni wanizoee, au naweza kurudi nyumbani. Usiniandikie kwamba niamue mwenyewe. Najua utataka kusema hivyo kwa kuniheshimu, na heshima yako naipenda. Lakini tangu nishuke hapa nimeamua kila jambo peke yangu, na nimechoka. Niambie wewe unataka nini, hata kama ni hasira.

Mkeo,
Zuhura