Niliinama, Wakapiga Vigelegele

Jumamosi, Grenoble, Ufaransa. Mawingu yameshuka mpaka kwenye mapaa, na mvua haieleweki kama inanyesha au inatania. Mwili mzima. Moyo sijui.

Leo nimeposwa.

Naandika hivyo kama mtu anayeandika leo nimefua. Nimeisoma sentensi tena nione kama itanishtua. Haijanishtua.

Kwetu Iringa, kwenye ukoo wetu, posa inakuja na jembe. Siku hizi ni jembe jipya la dukani, limefungwa kitenge na utepe juu, lakini ni jembe. Wageni wanaliegemeza barazani, halafu binti anaitwa na kuulizwa mbele ya watu: hawa unawajua? Jembe lao tulipokee? Akikubali, baba yake analibeba mwenyewe na kuliingiza ndani, na hapo ana mchumba. Akikataa, wageni wanakula, wanaondoka nalo.

Mimi nimeitwa kwa simu.

Aliyetuma jembe ni Festo, fundi seremala wa Mafinga. Tulikuwa pamoja kabla sijaja huku kusoma. Masomo yameisha, nimepata kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na yeye amenisubiri muda wote bila kelele. Sasa anataka nirudi, tuoane, tukae Mafinga. Ni mtu mzuri. Simchukii, jamani. Ningemchukia ingekuwa rahisi.

Shida yangu ni nyingine. Siku hizi sitaki kitu chochote.

Huku ukiingia dukani bila kusalimia wanakuona huna adabu. Hilo halikunisumbua, mtu wa Iringa utamfundisha nini kuhusu salamu? Lakini bonjour yao inaishia mlangoni. Hakuna wa kukuuliza umeamkaje, nyumbani hawajambo, mvua mmepata. Nilipokuwa mgeni nilikuwa nasimama pale kwa muuza mikate nasubiri sehemu iliyobaki. Nimeacha kusubiri. Leo asubuhi dada wa pale kaniuliza nataka mkate gani, nikamwambia nipe kama wa huyo aliyetangulia. Nimekuwa nikimjibu hivyo kwa miezi. Nakula mikate ya watu nisiowajua.

Basi, simu. Ilinikuta kazini, chumba cha kufulia, nimevaa aproni yenye madoa ya supu ya karoti. Shangazi, dada yake Baba, ndiye aliyeishika. Jana kapanda basi kutoka Soweto, Mbeya, kwa sababu kuuliza ni kazi ya shangazi. Nyuma yake niliona baraza letu, viti vya kuazima kanisani, wageni wamevaa makoti, Baba kakaa pembeni na kofia yake magotini.

"Sogea kwenye mwanga wakuone, mama," Shangazi akasema. "Haya. Hawa wageni unawajua?"

"Nawajua."

Ni kweli, nawajua. Hilo halikuwa gumu.

"Wameleta jembe. Tulipokee?"

Nikatafuta ndani yangu. Nikatafuta ndiyo, nikatafuta hapana, nikatafuta hata hasira kidogo. Hakukuwa na kitu, ganzi tupu. Mashine ya kufulia inazunguka nyuma yangu. Nikaangalia chini, kwenye lile doa la karoti.

"Ameinama!" Shangazi akapaza sauti. "Mmeiona haya yake? Mtoto kalelewa huyu! Amekubali!"

Mama akapiga kigelegele, wengine wakadakia, na simu ikakatika.

Nikarudi kulisha wazee. Yupo Bibi Odette, kila siku ananiuliza kama nimeolewa, kisha anasahau. Kila siku namjibu bado. Leo kauliza, nikakaa na kijiko hewani mpaka akanikumbusha kwamba mdomo wake uko wazi.

Festo akatuma ujumbe: "Asante, mke wangu mtarajiwa." Nikamjibu kwa kile kikatuni cha uso unaotabasamu. Nikajiona mchawi. Yule kijana huenda alikuwa anaruka ruka kwenye maranda, na mimi namtumia katuni.

Najua ilitakiwa nipige simu palepale. Ningesema nini? Samahanini, ile haikuwa haya, ile haikuwa kitu? Wageni wameshashika mapaja ya kuku? Nikapanda tramu, nikarudi nyumbani, nikakaa kitandani na koti langu.

Halafu jioni hii imeingia sauti ya Baba. Baba hajui kutuma sauti, amesaidiwa na mtu. Anaongea kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Kamwene, mwanangu. Ni mimi, baba yako. Hawa wote wanasema umekubali. Mimi nilikuwa karibu na simu, sijasikia neno. Nikasema labda masikio, uzee huu. Nikamuuliza mama yako, alisema nini? Ananiambia, aliinama. Sasa kuinama ndiyo nini? Hata mbuzi anainama. Basi, jembe nimeliacha palepale barazani. Wageni nimewaambia wale washibe, jibu watalipata. Shangazi yako kaninunia, mwache anune. Wewe usiogope. Ukiwa tayari useme na mimi. Ikiwa hapana, nitalirudisha Mafinga mwenyewe, kwa heshima. Umekula?"

Nimerudia kuisikiliza hapo mwisho tu. Umekula?

Sijala, Baba.

Sikulia. Ningependa kuandika kwamba nililia, lakini hii ni shajara, si mahubiri. Nilichofanya ni kuvua koti na kukata mkate wa yule mtu wa leo. Una mbegu nyeusi juu. Siupendi. Nimeshtuka kidogo kujua kwamba siupendi.

Kesho Baba akitoka ibadani nitampigia, yeye peke yake, na nitajibu kwa mdomo. Nitajibu nini, bado sijui.

Ila muda huu natafuna mkate nisioupenda, na kuna kitu kinanisumbua. Iringa msimu huu umande ni mwingi. Jembe la watu limelala nje, na kitenge hakizuii maji. Nawaza lisije likashika kutu.

Hiyo ndiyo 'ndiyo' yangu, au nalihurumia jembe tu?