KIKAO CHA DHARURA KUHUSU MGONJWA ANAYEDAI AMEKUFA

Kamati ya Wagonjwa Mahututi, Hospitali ya Setoura, Hiroshima. Jumanne, 14 Novemba 2023, saa 3 asubuhi.

WALIOHUDHURIA: Dkt. Kuwahara (Mwenyekiti); Dkt. Igarashi, daktari wa moyo; Muuguzi Mkuu Nagatani (Katibu). Mwalikwa: Bi Shiho, binti wa mgonjwa.
ASIYEHUDHURIA: Dkt. Dewa wa afya ya akili. Hakutoa udhuru, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/2023: HALI YA MGONJWA
Dkt. Igarashi alieleza kwamba moyo wa Bi Fusae Murakoshi ulilegea ghafla alipoletewa maiti ya mumewe, mvuvi wa pweza aliyezama. Ulivimba chini ukabana juu, mfano wa chungu cha kutegea pweza, na ndilo jina la ugonjwa wenyewe. Pampu ndogo iliyopitishwa mshipani hadi ndani ya moyo ndiyo inayomsukumia damu. Kwa kuwa inasukuma mfululizo, mkononi hakusikiki mapigo. Moyo umeanza kupona, lakini bila pampu bado hauwezi.

Katibu alieleza kwamba mgonjwa alipozinduka alijishika mkono kutafuta mapigo, hola. Akatazama vazi lake: upande wa kulia umefungwa juu ya kushoto, kama wavishwavyo maiti. Mwenyekiti aliuliza nani alimvisha. Dkt. Igarashi alisema alikuwa na haraka. Katibu aliomba iandikwe kwamba si muuguzi.

Tangu hapo mgonjwa husimamisha vijiti vya kulia katikati ya wali, kama sadaka ya marehemu, na kusema, "Jamani, maiti mnampa mpaka supu? Chomoeni hayo madude, mume wangu ananingoja." Ameshaushika mpira wa pampu ili auvute.

KUMB. NA. 2/2023: PENDEKEZO
Dkt. Igarashi alipendekeza pampu ipunguzwe kasi kidogo, mgonjwa asikie mapigo yake. Bi Shiho alipinga kwa ukali: "Ukimwambia yuko hai, daktari, umemwambia baba kafa peke yake. Si hilo lililomvunja moyo?"

Dkt. Igarashi alijibu: "Na akiing'oa pampu, dada, utazika wawili."

Bi Shiho alilia sana. Hatimaye alikubali, ila vidole vya mama aviweke yeye.

KUMB. NA. 3/2023: UTEKELEZAJI
Wajumbe walihamia kitandani na pampu ikapunguzwa. Bi Shiho alimwekea mama vidole mkononi. "Yapo," akasema. "Kumbe mzima mie." Akauachia mpira, na hajaugusa tena. Kisha akageukia dirishani: "Sasa Shiho, mbona baba yako bado kasimama pale, kalowa chepechepe?"

Mwenyekiti aliagiza iandikwe kwamba dirishani hakukuwa na mtu. Imeandikwa. Wala hakuna aliyemuuliza Katibu, aliyekuwa amesimama upande huo, mbona viatu vyake vimelowa.

KUFUNGA
Kikao kiliahirishwa saa 4 kasorobo, pampu ikiwa imerudishiwa kasi yake.

Mwenyekiti: hajatia saini. Anataka habari ya viatu ifutwe.
Katibu: H. Nagatani. Haifutwi.