Boti ya Tisa

Jumamosi, 6 Septemba

Mashindano ya kumi ya boti za tanga, ya mwisho ya msimu. Upepo wa kubembeleza. Mimi juu ya jukwaa na filimbi, darubini na daftari – watu kumi na sita majini, mmoja mkavu. Boti ya Sista ya kwanza tena. Ya Mwalimu ya tatu, kama kawaida yake.

Kisha kizaazaa. Nani bingwa wa msimu? Mwaka jana tuligombana mno juu ya kanuni, hivyo mwaka huu tuliandika ubaoni mstari mmoja tu: Alama zitajumlishwa kwa haki. Tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza haki ipi. Sasa mwenyekiti, tunayemwita Kamanda ingawa hajawahi kumwamuru hata paka, kanitupia mimi. Kasema: wewe ndiye mwandishi wa alama, chagua kanuni, ubandike matokeo Jumamosi ijayo saa kumi. Yaani tunachagua mizani baada ya kupima mzigo. Haya.

Jumatatu, 8 Septemba

Wa kwanza alama moja, wa pili mbili, na kuendelea. Mwenye chache ndiye bingwa. Hapo hakuna ubishi. Ubishi ni asiyekuja apewe ngapi.

Nilipendekeza kila mtu afutiwe siku zake mbili mbovu. Sista ni muuguzi, alikosa mara tatu kwa sababu ya zamu, angepona. Mwalimu akanipigia simu. Yeye kaamka Jumamosi zote kumi, goti linamuuma, na goti halikufutiwa siku hata moja. Ana hoja, ndiyo inayoniudhi. Kamanda naye kakubaliana naye: hakuna kufuta. Asiyekuja apewe idadi ya boti zilizo kwenye orodha, jumlisha moja.

Nikasema sawa. Nilisema upesi mno.

Jumatano, 10 Septemba

Hesabu. Sista: mashindano saba, alama nane tu! Anaendesha kama mtu aliyechelewa wodini. Mwalimu: yote kumi, alama 36. Orodha ina boti tisa, kwa hiyo kila kukosa ni alama kumi. Sista anafika 38. Mwalimu bingwa.

Ila boti ya tisa ni yangu.

Haijagusa maji misimu mitatu. Iko uani chini ya turubai, kuku wa jirani wanatagia humo. Na kila msimu naiandikisha, na kila Jumamosi naandika mbele yake kwa mkono wangu mwenyewe: hakufika. Ni boti ya watu wawili. Wa pili alikuwa mdogo wangu – mimi usukani, yeye tanga la mbele. Siku moja akasema nafoka sana tukiwa majini, akahamia boti ya Mwalimu. Hatukugombana. Tuliacha tu kuongea, kazi isiyohitaji nguvu.

Nikiifuta, zinabaki boti nane. Kukosa kunakuwa tisa, Sista anapata 35. Anampita Mwalimu kwa alama moja. Na mdogo wangu naye anapitwa, maana yuko boti hiyo ya Mwalimu.

Alhamisi, 11 Septemba

Sista kapita, sare bado mwilini, macho mekundu. Nilidhani kaja kujitetea. Kaketi ukingoni mwa kiti, kauliza kitu kimoja.

"Mzee wangu, mimi kwenye mstari wa kuanzia huwa nahesabu wapinzani saba. Huyo wa nane ni nani?"

"Iko kwenye matengenezo," nikasema.

"Inatengenezwa nini?"

Nikasema turubai. Kacheka kidogo, kwa adabu ya wauguzi. Kasema niandike ninavyoona, yeye anaenda kulala. Dakika nne jumla. Mtu wa kwanza kuingia sebuleni tangu fundi wa paa. Kiti nimekiacha kilivyosogea.

Ijumaa, 12 Septemba

Nikiifuta, mdogo wangu atasema ni wivu. Na klabu nzima itaitikia. Nisipoifuta, nampokonya Sista kombe kwa boti ya kuku. Haki iko wazi. Ningekuwa sina ndugu ningemaliza juzi asubuhi, nikanywa chai yangu.

Tatizo si kombe. Boti isiyokuwa kwenye orodha haina nafasi ya mtu wa pili.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa nane. Nimefuta. Mstari mmoja, kwa rula. Boti nane. 

Saa tisa na nusu. Nimesikia mtu uani. Mdogo wangu. Hakupiga hodi, kapitia nyuma kama zamani. Kofia ya boti ya Mwalimu kichwani. Anafungua kamba za turubai, moja moja, hana haraka.

Nimetoka hadi mlangoni. Kanitazama.

"Kaka, usiifute."

Nimemuuliza kwa nini. Kapitisha kiganja ubavuni mwa boti. "Mbao bado nzima hizi," kasema. Kisha karudi kwenye kamba zake.

Hajui kwamba nimeshafuta. Nami sijui kajuaje, wala kama katumwa na Mwalimu. Nimeingia ndani nikajifanya natafuta miwani. Naandika haya nimesimama, daftari juu ya friji. Orodha iko mfukoni mwa shati. Saa kumi kasoro dakika ishirini, na hadi klabuni ni mwendo wa robo saa. Amefika kamba ya mwisho. Ananiita nikashike upande wa pili wa turubai.