Mihogo Miwili Iliyoitwa Cheupe

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mdomo umezoea. Nakuandikia kwa sababu kuna kitu chako nilikichukua nikakifanya changu, na ukafariki kabla sijakurudishia.

Unaukumbuka mwaka tuliohamishiwa kijiji kipya, sisi wa Kikole tukachanganywa na watu wa Miteja? Kila nyumba ilikuja na mbegu zake za muhogo. Mimi, bwana shamba mwenye kaptula ya pasi na kiburi cha cheti, niliandika majina yote daftarini. Kwetu kulikuwa na Cheupe, kwao kulikuwa na Cheupe. Nikaamuru zipandwe pamoja, jirani na shule. Ukaniuliza mbele ya watu, "Mdogo wangu, majina yakifanana ndiyo mihogo imefanana? Watoto hawa wanatafuna mibichi." Nikakujibu kwamba kilimo cha kisasa hakiendi kwa hisia za wanawake. Watu wakacheka, nami nikafurahi.

Hukugomba. Ulikusanya kila aina, mashina na mizizi, ukapanga sakafuni kwako. Ulitazama rangi ya vikonyo, ganda, ngozi ya ndani, ukaonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Halafu ukachora ukutani kwa mkaa. Mihogo iliyofanana sana uliiunganisha kwa mistari chini kabisa. Makundi yaliyofanana kidogo ukayaunganisha juu zaidi, mpaka yote yakakutana kileleni, mti mzima na matawi yake.

"Kumbe ni ukoo," nikasema.

"Sijui nani kamzaa nani. Hapa naonesha nani kafanana na nani, na kwa kiasi gani."

Miaka mingi baadaye nilimsikia mtaalamu akihangaika nusu saa kueleza jambo hilohilo.

Cheupe yetu na yao zilikutana kileleni tu. Ile yao ilikuwa imeshikana chini na muhogo mchungu wenye sumu, ule usioliwa mpaka ulowekwe na kuanikwa. Nikakimbilia kwa wenyewe. Mama mmoja wa Miteja akanishangaa: "Hiyo si ya kutafuna, Bwana Shamba. Mbona hukutuuliza?" Siku hiyohiyo tuliing'oa yote pale shuleni, Dada, na wewe hukunisuta hata kwa jicho.

Kisha nikaunakili mti wako kwenye ripoti, chini nikaandika jina langu. Wakubwa wakausifu, wakanipeleka kusoma. Ulipopata habari ulisema tu, "Mradi watoto wamesalimika." Afadhali ungenitukana. Sijapata kumwona mtu mwenye akili kali namna ile na moyo mpana namna ile, na bado naona haya.

Juzi niliuchora mti wako ubaoni, darasani ninakofundisha. Mwanafunzi akauliza nani alinifundisha. Nikasema, dada yangu. Wakainama wakaandika: "Dada yake mwalimu." Nikawaambia wafute.

"Anaitwa Somoe binti Issa, mkulima wa Kikole."

Nikapita dawati moja baada ya jingine, nikihakikisha wameliandika jina lako sawasawa.

Nakuombea nuru huko uliko.

Mimi mdogo wako