Binti Yangu Ananisomea Kitabu Chake, Nami Naitikia Tu

Dada mshauri,

Pokea salamu za mama mmoja anayekufuata kila wiki, ambaye kwa kweli si msomaji wa kusema msomaji, shule niliiacha mapema, ila ukurasa wako nausoma wote hata kama ni kwa kupitisha kidole mstari kwa mstari, na leo nimeamua na mimi nikuandikie kwa sababu nina jambo limenikaa kooni, halimezeki wala halitemeki, na hapa nyumbani sina wa kumwambia, maana nikimwambia yeyote litamfikia mwenyewe kabla sijafunga mdomo.

Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule na mashati kwenye chumba chetu cha mbele, cherehani yangu ni ya miguu, nimeiweka dirishani nipate mwanga. Nina binti mmoja, na unisamehe dada, nikianza kumsifu huyu mtoto breki zinakatika. Anaandika programu za kompyuta katika hospitali kubwa, zile zinazopeleka majibu ya maabara kwa daktari. Wewe ukitolewa damu kule chini, jibu likamtokea daktari wako kule juu, ujue aliyelipitisha salama ni mwanangu. Mimi nikipita nje ya hospitali ile, hata kama siumwi popote, natembea polepole nitazame madirisha.

Sasa hizo kompyuta nazo zina lugha za kuziandikia, ndivyo alivyonieleza, na hii ya kwake si kama zile zinazofundishwa kila kona. Ni lugha ya watu wachache sana. Kaka yangu, mjomba wake, humtania, "Mpwa wangu, nyie mnaojua hiyo lugha mkikutana wote mnaenea kwenye lifti moja, na mizigo yenu." Naye humjibu, "Lifti hiyo ikikwama, mjomba, ni sisi mtakaotupigia simu."

Lakini lugha ya watu wachache ina taabu ya vitabu. Mimi nikaona hilo ndilo naliweza, basi ndugu akisafiri namwagiza, nimemwagiza wifi yangu, nimemwagiza jirani, nimemwagiza kaka yangu, na wote wamerudi wanatabasamu na kitabu kilekile cha kuanzia. Binti yangu hupokea, hushukuru, hukisimamisha kwenye rafu na pacha zake. Siku moja nikamuuliza mbona hafungui hata kimoja, akacheka, akasema, "Mama, hivi vyote vinafundisha kutunga uzi kwenye sindano. Vinafundisha vizuri. Ila uzi ukishaingia vinakuaga." Cha kumfundisha mtu aliyekwisha kujua kazi namna ya kuifanya inavyotakiwa, ipi njia salama, ipi inaonekana ya mkato halafu baadaye inakuumbua, uandikeje ili atakayekuja nyuma yako asikulaani, hicho anasema hakuna kabisa.

Pale kazini ujuzi huo ulikuwa kichwani mwa mzee mmoja waliyembatiza Babu Mitambo, na alipostaafu akaondoka nao. Basi siku moja majibu ya maabara yakagoma kutoka, madaktari wanapiga kelele, wakampigia yule mzee, kumbe mwenyewe yuko kitandani na homa, ikabidi binti yangu aende akae kwenye ukingo wa kitanda, mzee anaeleza huku meno yanagongana, yeye anaandika na kuwapigia wenzake. Majibu yakatoka. Aliporudi hakugusa chakula. Akaniambia, "Mama, hospitali nzima ilikuwa inasubiri mgonjwa mmoja apate nguvu za kuongea." Tangu hapo ndipo alipoanza kukiandika mwenyewe hicho kitabu kisichokuwepo.

Kitabu, dada! Kimetoka kwenye tumbo langu mimi! Nimewaambia wateja wote, hata kijana wa watu aliyeleta suruali nimbadilishie zipu alisimama pale mpaka nikamaliza.

Tatizo langu sasa. Jioni akitoka kazini huvuta kigoda karibu na cherehani, ananisomea alichoandika. Anasema, "Ukinielewa wewe, mama, najua sijaandika upuuzi." Mimi nakanyaga, nashona, naitikia. Kichwa changu kimezoea kwenda na mguu, mguu ukikanyaga nacho kinainama, na mdomo unasema naam, endelea, vizuri mwanangu. Dada, sielewi kitu. Naelewa sauti yake. Naelewa kwamba hapo amefurahi na hapo amekasirika. Mengine yananipita kama upepo wa dirishani.

Siku moja tu niliharibu. Alikuwa anasoma pahali anasema usifanye hivi, fanya vile, basi, akahamia kwingine. Mguu wangu ulikuwa umesimama kwa sababu uzi ulikatika, nikajikuta nimeuliza, "Na anayefanya hivyo anapatwa na nini?" Akasema, "Mama, hao ni wazoefu, wanajua." Nikasema, "Kama wanajua unawaandikia cha nini?" Uso ukamshuka, akafunga kompyuta, akaingia ndani. Kesho yake akafuta sura nzima akaandika upya. Niliumia sana kumpotezea kazi. Ni kweli yule mwenzake wa kazini tunayemwita Miwani alikuja hapa na hizo karatasi mpya akawa anasema sura hii ndiyo imemfungua macho, lakini mimi tangu siku ile nimejifunza kunyamaza.

Sasa mkuu wake anataka kumpandisha cheo, aongoze idara nyingine, ile inayotumia lugha ya wengi. Anataka jibu Ijumaa. Mjomba wake anasema akikataa atakuwa amerogwa. Binti yangu kaniambia, "Nitakataa, mama. Nikihamia huko kitabu kitakufa. Na kinakwenda vizuri, si hata wewe unakielewa?"

Dada, nilitamani sakafu inimeze. Anaacha cheo kwa sababu ya kichwa changu kinachoinama! Kama kitabu hicho ni kizuri mimi sijui, kama ni kibaya sijui. Nimwambie kweli nimvunje moyo, au ninyamaze nimwache arukie shimoni? Au nimwambie tu achukue cheo, yaishe? Nisaidie, Ijumaa haiko mbali.

Mama Mshonaji, wa chumba cha mbele

*

Mama mwenzangu,

Barua yako nimeisoma nikicheka, nikaisoma tena nikaacha kucheka. Kwanza hongera. Mtoto anayekaa kando ya kitanda cha mgonjwa akichota ujuzi ili wagonjwa wengine wapate majibu yao, huyo amelelewa. Mringie. Yule wa zipu hakupoteza muda wake.

Sasa kaa vizuri nikwambie. Umefanya makosa, na kosa lako si kutokuelewa. Nani alikwambia uelewe? Kitabu hicho kinaandikiwa watu wa lifti moja, na wewe humo hutakiwi kuwemo. Kosa lako ni kumpa mwanao naam zisizo na kitu ndani. Mteja akija kupimwa shati, linambana kwapani, akakwambia "limenikaa sawasawa, mama" kwa kuogopa kukuudhi, utamshukuru? Utamwona rafiki? Utalimaliza lile shati na pindo zake, utalipiga pasi, na kesho mtu atatembea mjini ameinua mabega kama kunguru aliyenyeshewa, na shati ni la kwako.

Nakusihi pia uache kujisingizia. Unasema siku ile uliharibu. Uliharibu nini? Umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe kwamba alifuta, akaandika upya, na mwenzake wa kazini akafunguka macho. Katika jioni zote hizo, ile ndiyo siku uliyofanya kazi aliyokuomba! Vitabu vya kuanzia vinasema fanya hivi. Mtu mzoefu anataka kuambiwa kwa nini, na asipofanya kitamkuta nini. Binti yako alikuwa ameruka hapo, ukamrudisha bila kujua hata jina la lugha yenyewe. Uso kushuka ni kawaida. Uso hupanda tena. Na wewe ukaenda kujifunza kunyamaza! Mama, hapo nilitaka nije huko nikufinye.

Basi fanya hivi, na ufanye leo, usingoje Ijumaa. Mwite mwanao mkiwa wawili, kaka yako akiwepo mtume dukani. Mwambie, "Mwanangu, nilikuwa naitikia sauti yako, maneno yalikuwa yananipita." Usilie, usizunguke, usianze na habari za uchungu wa kuzaa. Atanuna kidogo. Mwache anune. Kisha mwombe akusomee upya kutoka mwanzo, na kila mahali anapoamuru bila kutoa sababu, uliza, "Anayefanya hivyo anapatwa na nini?" Swali lako ni hilo moja, linakutosha. Kama yaliyoandikwa ni ya kweli au la, hiyo si kazi yako, ni kazi ya Miwani, na ya yule mzee, ambaye natumaini homa imemtoka. Wasome wao kila sura, waichane kama watakavyo, kabla kitabu hakijakwenda kuchapwa.

Kuhusu cheo, wewe usiamue, na mjomba naye apumzike na habari za kurogwa. Ila mwambie binti yako jambo ambalo naona hajalifikiria. Kwa nini anaandika jioni, kwenye kigoda, kama mtu anayeiba? Hospitali iliyosimama ikimsubiri mgonjwa mmoja aongee inakihitaji kitabu hicho kuliko yeye. Aende kwa mkuu wake kabla ya Ijumaa na ile sura aliyoifuta akaiandika upya. Amkumbushe siku majibu yalipogoma. Aombe saa za kazi za kukimalizia, na cheo kimngoje, au akichukue na kitabu kihesabiwe kuwa sehemu ya kazi yake. Mkuu akikataa yote mawili, hapo ndipo achague, na achague akijua kitabu chake kikoje. Atakapokuuliza maoni, mwambie ukweli wako, kwamba unaogopa na unajivuna kwa wakati mmoja. Hilo analistahili, na wewe huhitaji kukielewa kitabu ili uliseme.

Kikitoka, kisimamishe kwenye ile rafu, mwisho wa mstari, baada ya mapacha wote wa kuanzia. Hapo uwaite wateja.

Lakini leo jioni, akivuta kigoda, ondoa mguu kwenye kanyagio. Mguu ukitulia na kichwa kitatulia, na mwanao ataona, hata uzi usipokatika, kwamba mama yake anamsikiliza.

Mshauri wako