Mashine ya Mjomba Mansour

Berea, Johannesburg

Kwako dada yangu Tabia,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi nipo, mgongo tu ndio unaolalamika. Zuhura anarudi Tanga Jumapili, naye ndiye atakayekukabidhi hii.

Umeniuliza hospitali yenu ichukue seva ipi: ile mpya ya duka la Dar, yenye diski ndogo zisizo na kitu kinachozunguka ndani, au ile ya Mjomba Mansour, yenye diski kubwa na bei ya chini. Umesema mapokezi, maabara na dirisha la dawa huandika wote kwa pamoja kwenye hiyo hifadhidata yenu, na ikikwama wagonjwa hupewa dawa kwa kukisia. Umesema pia mjomba ametulea, hawezi kukupa kibovu.

Dada, kazi yangu hapa karakana ya mjomba, Doornfontein, ni kubeba na kusafisha. Hiyo seva anayokuuzia nimeisafisha mimi. Diski zake zilitoka kwenye mashine za kamera za bucha moja lililofungwa, zilikorekodi usiku na mchana kwa miaka. Zilikuwa zimeganda mafuta ya nyama, mende wamekaukia juu yake. Nimezisugua kwa thina ya rangi hadi nikatapika, kisha zikabandikwa karatasi mpya ili zionekane za dukani. Diski hukumbuka saa ilizofanya kazi, kama gari na kilomita zake. Fundi wetu Naseeb amezirudisha zote sifuri huku akipiga mluzi.

Nilimuuliza kama zitafaa. Akasema kamera huandika taratibu, kwa mfululizo, lakini kwenu zitaitwa huku na huku kama mpakuaji mmoja kwenye harusi. Na hata mkiweka nakala kutoka diski moja kwenda nyingine, zimezeeka pamoja, zitakufa pamoja. Nikamwambia basi tumweleze mjomba. Akacheka, eti mimi nadhani mjomba hajui.

Nilikwenda mwenyewe. Mjomba alikuwa ametoka kuswali. Nikamkumbusha kuwa mzigo ni wa Tabia. Akasema anajua, ndiyo maana amechagua karatasi nzuri. Akaniita profesa wa darasa la sita, akauliza kama seva nimezisomea kwenye ndoo ya thina. Tanga, akasema, wagonjwa wamezoea kungoja. Nilitazama mkono ule uliotulisha, nikaona kinyaa.

Nunueni ile ya Dar. Nafasi mtaongeza baadaye.

Na jambo moja sijakwambia. Barua hii ni mjomba aliyeniagiza niiandike. Alisema utamwamini mdogo wako kuliko karatasi ya bei, kwa hiyo nikuambie mashine nimeiona kwa macho yangu na ni mpya. Anadhani ndivyo nilivyoandika. Amempigia Zuhura simu asiisahau. Ukikataa mzigo atajua, na kazi hii sitakuwa nayo. Kataa.

Nisalimie mama, ila usimweleze haya ya kaka yake. Mjomba naye amenisisitiza nikufikishie salamu zake nyingi. Salamu ni amana, nimezifikisha.

Mdogo wako,
Shekue